Chini ya Meza ya Manol

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii kila mtu anaijua, na karibu kila mtu humwambia mwenzake. Ni nadra kumsikia mtu akijiambia mwenyewe. Tukiitumia huwa tunamaanisha kwamba atakaye jambo jema lazima akubali taabu yake, na hivyo ndivyo ilivyo. Lakini kuinama si taabu ya mgongo peke yake. Wapo watu wanaopalilia viazi tangu asubuhi hadi machweo bila kunyooka, na bado hawajawahi kuinama hata siku moja. Mmoja wao alikuwa Nedyalka, mjane wa kijiji cha Yasenka, kwenye miteremko ya milima ya Rodopi.

Nedyalka alikuwa na mtoto mmoja, Kamen, na rafiki mmoja, Vida. Kamen alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, kijana mcheshi asiyejua kukaa kimya. Vida alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Yeye na Nedyalka walikua pamoja, waliolewa mwaka mmoja, na kwa kuwa tanuri la mkate lilikuwa uani kwa Vida, kila Jumamosi walioka pamoja huku wakikisengenya kijiji kizima, wakianzia kwa padri. Mume wa Vida, Manol, alikuwa seremala. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kazi yake iliyojulikana kuliko zote ilikuwa meza ya Ijumaa Kuu.

Meza hiyo hutolewa stoo mara moja tu kwa mwaka, ikawekwa katikati ya kanisa. Juu yake hutandikwa kitambaa kilichotariziwa sura ya Bwana akilazwa kaburini, na maua hurundikwa mpaka kitambaa chenyewe hakionekani. Kisha watu hupanga foleni na kupita chini yake mmoja mmoja, wakiingia upande huu na kutokea upande wa pili, kila mmoja akiomba msamaha na uzima. Ya zamani ilipokwisha kuoza, Manol aliunda nyingine, tena fupi. Kina mama walipiga kelele. Hee, Manol, umepima kwa mbuzi au kwa watu? Naye akajibu huku akifuta vumbi la mbao kwenye nyusi zake, "Nikirefusha miguu yake mtapita mmesimama, na mtatoka vilevile mlivyoingia." Basi wakanung'unika, wakapita kwa magoti, na miaka ikaenda.

Kiangazi kimoja Kamen aliteleza kwenye paa la ghala akaanguka kwenye mawe. Akalazwa hospitali ya mjini, macho yamefumbwa, asiyeitika wala kutikisika. Madaktari walifanya yao yote, kisha wakaanza kusema na Nedyalka kwa ile sauti ya upole ambayo kila mama huiogopa. Nedyalka akaenda penye kona ya korido palipotundikwa picha ya Mama wa Mungu, akapiga magoti sakafuni watu wakipita na mabeseni, akaomba kwa machozi.

"Bwana," alisema, "mimi si kitu. Nirudishie mwanangu. Nitapika karamu ya nadhiri, kijiji kizima kipate kula, nami nitapita chini ya meza Yako kwa magoti, na mbele ya watu wote nitasema ni Wewe."

Kamen alifumbua macho alfajiri moja akasema, "Nina kiu." Daktari alisimama mlangoni akatikisa kichwa kwa mshangao. Nedyalka alilia mpaka wauguzi wakamletea kiti.

Hadi hapo, jamani, hakuna wa kumlaumu. Angeishia hapo, nisingekuwa na hadithi.

Vuli hiyo, siku ya Mtakatifu Dimitar, Nedyalka alitimiza sehemu ya kwanza ya nadhiri. Kondoo alichinjwa, sufuria kubwa ikakaa kwenye moto uani mwa kanisa, padri akabariki, na kila nyumba ikaja na chungu chake. Desturi ya kurban, yaani karamu hiyo ya nadhiri, ni hii: mwenye nadhiri hugawa mchuzi kwa mkono wake na kusema "Mungu ametoa," na anayepokea hujibu "Mungu apokee." Chungu cha kwanza, Nedyalka alisema vizuri. Cha pili pia. Lakini chungu cha tatu kilikuwa cha mama mmoja aliyemshika mkono akamwambia, "Ama kweli, Mama Kamen, una maombi wewe! Mwanao umemtoa kaburini kwa magoti yako."

Nedyalka aliinua macho kutoka kwenye mvuke wa sufuria. Lile neno lilimwingia tamu kama asali ya mlimani. "Nimekesha, dada," alisema. "We acha tu. Nimekesha mimi." Na kwa chungu cha nne alisahau kabisa kusema nani ametoa. Vida, aliyekuwa akikata mkate pembeni, alimtazama kidogo, akaendelea kukata.

Tangu siku hiyo jina la Nedyalka likakua. Walianza kuja watu nyumbani kwake: huyu ng'ombe wake hazai, yule binti yake ana mtihani, mwingine mume wake yuko Hispania na haandiki. Aliweka kiti karibu na jiko, kiti maalumu chenye mto mwekundu, awaketishe wenye shida. Waliacha mayai, waliacha jibini. Ng'ombe akizaa, Nedyalka alisema, "Si nilikuambia?" Ng'ombe asipozaa, alisema mwenye ng'ombe hakuwa na imani. Kwa hiyo hakuwahi kushindwa hata mara moja.

Kamen, ambaye sasa alitembea na fimbo na kuchechemea, alikuwa akikisikiliza hicho kiti cha mto mwekundu kutoka chumba cha pili. Siku moja akashindwa kuvumilia.

"Mama, Gencho tarishi akikuletea pensheni, unamshukuru nani?"

"Namshukuru Gencho. Anapanda mlima na baridi yote hii."

"Sawa. Lakini akianza kutangaza kilabuni kwamba yeye ndiye anayewalipa wazee wa Yasenka, utamwambiaje?"

"Nitamwambia amelewa."

"Basi," alisema Kamen, akajimiminia chai.

"We mtoto, koma!" Nedyalka alimtupia kitambaa cha vyombo. "Usingekuwa hapo unanichezea akili kama si mimi!" Alipolisema hilo alilisikia mwenyewe, akaenda kukoleza moto ambao haukuwa na haja ya kukolezwa.

Majira ya baridi Manol akaanza kukohoa. Kikohozi kikashuka kifuani, hospitali ikampokea ikamrudisha, na Vida akavuka ukuta jioni moja akiwa na aproni bado kiunoni. Hakukalia kiti cha mto mwekundu. Alisimama.

"Mwenzangu, niombee Manol. Nimeishiwa nguvu."

Hapa ndipo Nedyalka alipokosea, na halikuwa kosa dogo. Angeweza kumkumbatia rafiki yake wakalia pamoja. Badala yake alimpigapiga begani, akamwambia kama mtu anayempa mwenzake ufunguo wa ghala lake: "Nenda kalale, Vida. Mimi sijawahi kuomba bure. Siku ya Mtakatifu Georgi, machipuko yakifika, Manol atachinja kondoo kwa mkono wake mwenyewe."

Na aliomba, tusimwonee. Aliomba kwa moyo wote, kwa sababu alimpenda Manol na alimpenda Vida zaidi. Manol akafa kabla theluji haijayeyuka.

Vida hakusema neno siku ya mazishi. Alisema kwenye arobaini, pale makaburini, watu wakigawana ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu. Nedyalka alimsogelea na bakuli lake, akaanza yale maneno tunayoyasema sote tusipojua la kusema, kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

"Ahaa," alisema Vida. "Leo ni kazi ya Mungu?"

Vijiko vikasimama.

"Kamen alipopona ilikuwa kazi yako. Kijiji kizima kimekula mchuzi wake. Sasa Manol amekufa, imekuwa kazi ya Mungu. Huwezi, Nedyalka, kula nyama yote wewe, mifupa ukamwachia mwenzako. Kama wewe ndiye uliyemwinua Kamen, basi niambie kwa nini Manol wangu hukumwinua. Ulichoka? Au uliomba nusunusu?"

"Vida, mwenzangu, niliomba..."

"Na mimi je? Mwanao alipokuwa amelala kule, nani alikamua mbuzi wako? Nani alikuwa akiwasha mshumaa kila asubuhi? Nilipiga magoti kwenye yale mawe ya kanisa mpaka Manol akawa ananiinua kwa makwapa. Sikudai shukrani, mama. Sikuwa naomba kwako." Akalishika bakuli lake kwa mikono miwili. "Sasa hata kuomba siwezi. Nikifumba macho nimtafute Mungu nakuona wewe, umekaa mlangoni kwake na kiti chako chekundu. Umenifungia mlango, Nedyalka."

Akamwaga ngano iliyobaki kwa ndege, akaondoka. Toka siku hiyo hakutia mguu kanisani, na geti la uani kwake likatiwa komeo. Jumamosi zikafika na moshi wa tanuri haukupanda. Nedyalka akawa ananunua mkate wa dukani, ule mweupe usio na ladha, na kila akiukata alisikia uchungu. Usiombe kukosana na mtu mliyeshirikiana naye chachu ya mkate tangu usichana.

Kibaya zaidi, alipojaribu kuomba, maombi hayakuja. Alikuwa akisimama mbele ya kandili la picha takatifu nyumbani akafungua kinywa, na neno la kwanza kutoka lilikuwa "mimi". Mimi, Bwana, niliyekuomba. Mimi niliyekesha. Akaanza upya, na "mimi" ikatangulia tena kama mbwa mkaidi anayewapita watu mlangoni. Watu nao walipunguza kuja. Kile kiti alikigeuza kikatazama ukuta.

Alimwendea Vida Alhamisi Kuu na yai jekundu la kwanza la Pasaka, lile ambalo huwekwa kwa ajili ya kumlinda mwenye nyumba mwaka mzima. Akaliita jina la rafiki yake juu ya geti. Pazia lilitikisika, geti halikufunguliwa. Akaliweka yai juu ya nguzo, lakini upepo ukataka kuliangusha, akalichukua akarudi nalo machozi yakimtoka.

"Anataka nini huyu mwanamke?" alimlalamikia Kamen. "Nimwambie nini tena? Nimeshamwambia pole."

"Pole umemwambia," alisema Kamen. "Lile jambo uliloliahidi hospitali, umelisema?"

Nedyalka alishtuka. "Nani amekuambia?"

"Wewe mwenyewe. Ulikuwa ukiniambia kila siku nilipoanza kula. Kwamba utapita kwa magoti na kusema mbele ya watu ni nani. Mimi nilikunywa maji tu, Mama. Nilipofumbua macho sikukuona wewe wala malaika. Nilikuwa na kiu."

Ijumaa Kuu kanisa lilijaa. Meza ya Manol ilikuwa katikati, imezama kwenye maua ya rangi ya zambarau na matawi ya mcheri. Mwaka huo padri, mtu mwenye huruma, alitangaza kwamba wazee na wenye magoti mabovu wabusu tu kitambaa na kupita pembeni, Mungu anaelewa. Nedyalka alishukuru kimoyomoyo. Alikuwa mzee, na goti lake la kushoto lilikuwa bovu kwelikweli. Alijipanga kwenye foleni ya wazee. Zilibaki hatua chache tu.

Ndipo alipogeuka akamwona Vida. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mwili mzima katika nguo nyeusi, hana mshumaa. Hakuwa akitazama altare. Alikuwa akiitazama meza, namna mtu anavyoitazama nguo ya marehemu ikiwa imevaliwa na mtu mwingine. Alikuja kwa ajili ya kazi ya mikono ya mumewe, si kwa jingine.

Nedyalka aliiacha foleni ya wazee.

"Bibi, si huku, kule!" alinong'ona msichana mmoja.

"Naona, mwanangu. Macho bado ninayo." Akakunja sketi yake, akaushika mguu wa meza, akashuka. Goti la kwanza, la pili. Akaingiza kichwa chini ya kitambaa, akajivuta.

Humo ndani palikuwa na giza jepesi na harufu ya mbao. Chini ya ubao Manol hakuwa ameranda. Juu palikuwa laini kama uso wa mtoto, huku chini nyuzi za mbao zilisimama vilevile msumeno ulivyoziacha, na tone la gundi lilikuwa limekauka likining'inia. Nedyalka alilitazama lile tone akamkumbuka Manol mzimamzima, na kikohozi chake. Akafika katikati. Hapo goti la kushoto likakaza, kitambaa chake cha kichwa kikanasa kwenye kibanzi cha mbao, na hakuweza kwenda mbele wala kurudi.

Foleni ikasimama. Kwanza watu walingoja. Kisha mnong'ono ukaanza.

"Kuna nini?"

"Mama Kamen kakwama."

"Hajakwama, amepanga chumba," alisema Gencho tarishi, na kicheko kikapita kanisani hata padri akajikohoza ili kukificha.

Nedyalka alikisikia. Miezi iliyopita kicheko kile kingemuua. Sasa, akiwa amekunjamana kwenye mawe baridi, nywele zake za mvi zimetoka nje, hakuwa na cha kulinda tena. Alifungua kinywa aombe msaada, na kwa mara ya kwanza tangu arobaini ya Manol, "mimi" haikutangulia.

"Vida!" aliita. Sauti yake ilitoka chini ya maua, na kanisa lote likanyamaza. "Vida, upo? Ni Mungu! Kamen ni Mungu aliyemwinua. Mimi nililia tu sakafuni, kama wewe ulivyolia hapa. Niliahidi kulisema nikala shukrani Yake kama mwizi wa jibini. Jamani mnisikie wote: sikuwa mimi!"

Zikasikika hatua, polepole, kutoka upande wa mlango. Kitambaa upande wa kutokea kikainuliwa, mwanga ukaingia, na hapo mbele yake, usawa wa sakafu, ukatokea uso wa Vida. Naye alikuwa amepiga magoti. Hapakuwa na namna nyingine ya kumfikia.

"Na Manol?" aliuliza Vida kwa sauti ndogo.

Hili ndilo swali ambalo Nedyalka alikuwa akilikimbia tangu arobaini. Maneno mazuri yalikuwepo, tele, ya padri na ya makaburini. Hakulishika hata moja.

"Sijui," alisema, na machozi yakadondoka kwenye mawe. "Nilimwombea vilevile nilivyomwombea Kamen. Kwa moyo uleule, mwenzangu. Sijui kwa nini. Sikujua hata siku ile nilipokuambia najua."

Vida alijisogeza karibu zaidi.

"Hilo tu," alisema. "Hilo tu nililitaka. Nisiwe peke yangu nisiyejua."

Akajiingiza chini ya meza ya mume wake mpaka kiunoni, akainua mkono akapapasa ubao ule usiorandwa, akakinasua kitambaa cha kichwa cha mwenzake. "Manol wa watu," alinong'ona, "hata humu hukuona haya ya kuacha vibanzi." Wakacheka na kulia wote wawili, vichwa vimegusana, hadi nje watu wakashindwa kujua wacheke au wajipige msalaba, wengi wakafanya yote mawili. Kisha Vida akamshika makwapa, akamvuta. Wakatoka pamoja upande wa pili, magoti yao na mikono yao yote vumbi. Nedyalka alijaribu kusimama lakini Vida akamkalisha palepale kwenye mawe, akakaa ubavuni pake, na midomo ya Vida ikaanza kutikisika. Kamen, aliyekuwa ameegemea fimbo yake nguzoni, alijua Vida alikuwa akiomba tena. Akageuza uso, maana hata mcheshi ana siku yake.

Jumamosi Kuu moshi ulipanda tena uani kwa Vida, na mikate ya Pasaka ilitoka tanurini miwili miwili. Kile kiti cha mto mwekundu kilihamishiwa hapo, karibu na tanuri, apate kupumzikia yeyote aliyechoka kukanda unga. Wenye shida bado huja. Nedyalka huwaambia, "Tutakuombea, mimi na Vida. Ukijaliwa, usilete yai hapa. Nenda kamshukuru aliyekupa. Na usipojaliwa, njoo tulie wote." Na kila Ijumaa Kuu, goti bovu au zima, hapiti foleni ya wazee.

Kumbe alichokuwa akikitafuta siku zote zile, rafiki yake, maombi yake, na Mungu wake, vyote vilikuwa chini ya meza aliyotaka kuikwepa. Akina mama wa Yasenka hata leo wanaikejeli meza kwa ufupi wake, lakini hakuna aliyewahi kupendekeza irefushwe, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.